Mume Niliyepewa na Redio

Kilembwe, tarehe 4 Machi 2024

Kwa Fanny Asukulu, Baraka

Fanny,

Sikusalimu kwanza. Salamu utazikuta chini, kama zitabaki.

Jana jioni motari mmoja, hawa wa pikipiki za abiria, aliyetoka Baraka alileta kadi yenye nyimbo na michezo ya redio, akaichomeka kwenye redio ya Mama Ketsia, jirani yangu. Unajua redio yenu haitufikii huku, sisi tunakula makombo yanayoletwa kwenye kadi. Tulikuwa tunachambua maharage. Mara nikasikia sauti yako. Nikawaambia wenzangu, "Munyamaze, ile ni mutoto wa kaka yangu." Na hapo sote kwa pamoja, Fanny, tukakusikia ukiolewa.

Mchungaji aliuliza, "Fanny, unakubali Dany awe mume wako, katika raha na katika taabu, mpaka kifo kitakapowatenganisha?" Ukajibu ndiyo. Na ulijibu kwa sauti nzuri, hilo siwezi kulikataa. Kwaya ikaimba, wanawake wakapiga vigelegele kanisani, na hawa wajinga wa kwangu nao wakapiga vigelegele, maharage yakamwagika yote.

Mimi ndiye niliyekulea tangu mama yako alipofariki. Mimi ndiye shangazi. Msichana wa kwetu akiolewa, shangazi ndiye anayejifungia naye chumbani na kumwambia yale ambayo mama mzazi anaona haya kuyasema. Nani alijifungia na wewe? Na huyo Dany ni mtoto wa nani? Mwezi wa kwanza ulimleta kwangu Eugène wa Kazimia, yule mfanyabiashara wa ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Alikula ugali wangu, akaniita mama mkwe, tukapatana kwamba ndugu zake waje baada ya mavuno. Sasa niwaambie nini? Kwamba bibi arusi alikuwa na haraka?

Nakuandikia kwa sababu ili nipige simu ni lazima nipande kile kilima chenye réseau, na kule juu kila mtu anasikiliza ya mwenzake. Mambo ya ndoa hayapigiwi kelele kilimani. Jibu upesi.

Salamu hazikubaki.

Shangazi yako,
Félicité


Baraka, tarehe 11 Machi 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Sijaolewa! Ungekuwa karibu ningekuandikia neno hilo ukutani kwa mkaa. Ule ni mchezo wa redio, shangazi. Mchezo!

Naona wewe bado unanijua kama mwimbaji wa "Samaki Haogopi Mvua," kwa sababu wimbo ule ulifika mpaka Misisi, na wachimba dhahabu waliucheza hadi mabaa yakakosa viti. Lakini tangu mwaka jana mimi pia ni Riziki, katika mchezo uitwao "Ukuta wa Jirani," unaotangazwa kila Jumatano baada ya habari. Riziki ni mwanamke mwenye mdomo. Amemfukuza mama mkwe, amechoma moto shamba la wifi yake, na sasa ameamua kutubu na kuolewa tena. Wimbo ulinifanya nipendwe, mchezo umenifanya nichukiwe. Juzi sokoni mama mmoja wa mihogo alikataa kuniuzia. "Mi siuzishi muntu anafukuza mama mukwe mu nyumba," akasema. Nikamweleza kwamba Riziki si mimi. Akaniuliza, "Na ile sauti ni ya nani?" Nikarudi nyumbani na kikapu kitupu.

Kuhusu ile ndoa, sikiliza vizuri. Alphonse, anayetuongoza katika mchezo, alisema chumba chetu cha kurekodi kinasikika kama kabati, na arusi ya ndani ya kabati hakuna atakayeiamini. Akaomba kanisa letu. Mchungaji Nduwimana akakubali mara moja, maana yeye mwenyewe hakosi Jumatano. Tulikuwa tumempanga Wilfried, anayeigiza wazee wote, awe mchungaji. Mchungaji akakataa katakata. "Mu kanisa yangu, muntu mwingine hawezi kubariki mu fasi yangu," akasema, akavaa joho lake. Haya, tukamwachia. Kisha akakataa kututaja mimi na Dany kama Riziki na Jonasi, mume wake wa mchezoni, kwa sababu mbele ya madhabahu yeye hamwiti mtu jina lisilo lake. Alphonse akaigusa kompyuta yake, akanong'ona, "Muache, nitakata kwa ordinateur." Mafuta ya jenereta yalikuwa yanakwisha. Nikaitwa Fanny, nikajibu ndiyo.

Alphonse alikata majina yetu kila mahali isipokuwa pale ulipopasikia. Halafu huyo motari wenu akabakiza arusi peke yake, akatupa mwanzo na mwisho tunapotajwa waigizaji.

Dany ni Dany tu. Anatafuna karanga karibu na kinasa sauti, anachelewa kila siku, na maneno yake anayaandika kiganjani mpaka jasho linayafuta. Kama ningetaka kuolewa bila ruhusa yako, ningechagua mtu anayefika kwa wakati.

Eugène anajua yote. Nilimwambia kwa simu akacheka. Kwa hiyo tulia, umalize maharage.

Mwanao asiye na mume,
Fanny


Kilembwe, tarehe 20 Machi 2024

Fanny mwanangu,

Safari hii nakusalimu. Tuko wazima. Barua yako niliwasomea wenzangu, na nakuambia ukweli, wamekasirika kuliko walipodhani umeolewa kwa siri. Mama Ketsia anasema kama ulikuwa mchezo, basi umrudishie vigelegele vyake.

Mimi nimekuamini, kwa sababu nakujua. Ungekuwa mtoto mwongo ningeyaona hayo ulipokuwa mdogo, lakini wewe ulikuwa mtoto wa kelele, na mtoto wa kelele hana nafasi ya kuficha kitu. Ulikuwa ukiimba ukienda kuchota maji na ukiimba ukirudi, mpaka watu walijua saa kwa sauti yako. Wimbo wako wa samaki ulipofika hapa, mashemasi wetu waliniuliza kama sioni aibu. Niliwajibu kwamba aibu ni kuimba vibaya. Baba yako angekuwa hai angeizima redio. Mimi naiongeza sauti.

Lakini nina maswali mawili. La kwanza: mlipomaliza, yule mchungaji alicheka? Maana mtu aliyevaa joho lake mwenyewe, akawaita kwa majina yenu mliyozaliwa nayo, halafu akaenda nyumbani bila kucheka, huyo hakucheza. Maji yakimwagika hayazoleki, Fanny. Nenda kamwone kabla mtu mwingine hajaenda.

La pili: umesema Eugène alicheka. Alicheka vipi? Kuna kicheko cha tumbo na kuna kicheko cha meno.

Shangazi yako,
Félicité


Baraka, tarehe 3 Aprili 2024

Kwa dada Fanny Asukulu, mwimbaji wa kwaya ya pili
Kuhusu: hali yako ya ndoa

Dada mpendwa katika Bwana,

Amani iwe nawe. Kwa huzuni, na pia kwa upendo, nakujulisha kwamba baraza la wazee limepokea neno kutoka kwa mtu anayekutakia mema. Mtu huyo anauliza: iwapo dada Fanny aliulizwa kwa jina lake, ndani ya kanisa, na mchungaji aliyewekewa mikono, mbele ya mashahidi, naye akajibu ndiyo kwa hiari yake, je, anaweza kutangaziwa ndoa na mwanaume mwingine?

Dada yangu, mimi binafsi nilidhani tunasaidia redio. Lakini swali hilo limeninyima usingizi, kwa sababu nilipobariki nilibariki kweli. Sijui kubariki kwa namna nyingine.

Mpaka wazee watakapokata shauri, tunakuomba usikaribie meza ya Bwana wala usisimame na kwaya. Matangazo ya ndoa yako na ndugu Eugène nayo yatangoja. Baraza litakaa Jumamosi baada ya maombi ya asubuhi. Ndugu Dany ameitwa pia.

Tafadhali, katika kipindi kijacho, je, Riziki atapatana na mama mkwe wake? Mke wangu anauliza.

Wako katika Kristo,
Mchungaji Nduwimana


Baraka, tarehe 9 Aprili 2024

Shangazi,

Ulisema niende, sikwenda. Sasa nimeitwa. Hebu kaa chini kwanza.

Nilipokewa na meza nzima ya wazee, na mzee Eloge katikati, yule mwenye masikio mazito ambaye huhesabu watoro wa ibada. Aliniuliza, "We ulisema ndiyo?"

"Nilisema, papa. Ni kazi yangu."

"Kuna muntu alikulazimisha?"

"Hapana. Ilikuwa imeandikwa kwa karatasi."

"Na Biblia nayo imeandikwa kwa karatasi," akasema, na wenzake wakatikisa vichwa kama kwamba Sulemani amepita.

Nikawaeleza mchezo ni nini. Niliwaambia kwamba hata shamba la wifi yangu nililichoma, na hakuna aliyekuja kunikamata. Mama mmoja wa baraza akasema, "Ile shamba haikukuwa mbele ya madhabahu." Nikawaambia Riziki ana watoto watatu, mimi sina hata mmoja. Wakasema hilo linahusu redio, wao wanahusika na kanisa tu. Shangazi, nilitamani kupiga yowe. Kila nilipofunga mlango mmoja walitokea dirishani.

Kisha akaingia Dany, amechelewa, na karanga mfukoni. Wakamuuliza anasemaje. "Mi sina shida," akasema. "Kama banasema ni bibi yangu, ni bibi yangu. Lakini anajua kupika?" Nusura nimtupie kitabu cha nyimbo.

Mwishowe mzee Eloge ndiye aliyepata dawa. Alisema kiapo kinasema mpaka kifo. "Mu redio muliunganishwa, mu redio mutenganishwe. Mumoja akufe, kisha mambo inaisha." Baraza zima lilishukuru Mungu. Mchungaji alijifuta jasho, akaonekana kama mtu aliyetolewa gerezani.

Alphonse anasema ni rahisi. Riziki atashikwa na homa, kipindi kimoja tu, tumzike, mchezo uendelee na mama mkwe. Tutarekodi wiki ijayo. Anasema ataniachia nafasi ya kusoma matangazo ya vifo na ya vitu vilivyopotea.

Shangazi, sitaki kufa. Najua ni jambo la kuchekesha, lakini nililia njia nzima. Kuimba nilianza kwa sababu sikuweza kunyamaza, lakini kuigiza kumenifundisha kungoja, kuvuta pumzi, kumwachia mwenzangu amalize. Jumatano nikipita barabara ya soko nasikia Riziki anagomba katika kila nyumba, kwa sauti yangu, na watu wanamjibu. Wanamtukana! Najisikia kama nimezaliwa mara nyingi. Ule mchezo ukinitupa, hakuna mwingine. Baraka ina redio chache na hakuna inayotafuta mwanamke mwenye mdomo.

Eugène alikuja kutoka Kazimia siku ya pili. Alinishika mkono, akaniambia taratibu, "Kufa tu, chérie. Ni redio." Alisema kwa upole sana. Nampenda, shangazi, na nimechoka kubishana na watu wanaonipenda. Nimekubali kufa.

Sijui ni nani aliyewapelekea wazee lile swali. Nashuku yule mama wa mihogo. Nikimjua atanitambua.

Fanny


Kilembwe, tarehe 14 Aprili 2024

Fanny,

Barua hii nimempa motari nikamwambia asilale Fizi, asisimame kwa pombe, asibebe abiria mnene. Ikifika umekwisha kufa, nitamdai.

Eugène yuko hapa. Yaani alikuwa hapa, ameondoka leo asubuhi. Alileta gunia la ndagala na kitenge, akakaa kwenye kiti cha baba yako. Nikampikia sombe ya majani ya mihogo. Mama Ketsia alikuja kama kawaida yake, na kama kawaida yake akauliza lililokuwa mdomoni mwa kila mtu: ni nani huyo adui aliyemshitaki Fanny kwa wazee?

Eugène akacheka. Sasa nimekiona kicheko chake kwa macho yangu. "Hakuna adui, mama," akasema. "Ni mi mwenyewe nilienda kwa bazee. Nilijua kile kiapo kitamukamata. Riziki akikufa, redio inaisha, na ile nyimbo ya mabaa nayo inaisha polepole. Bibi yangu hawezi kuwa sauti ya kila muntu."

Alisema hayo bila haya, kama mtu anayeonyesha samaki mkubwa aliyemnunua kwa bei ndogo. Alidhani nitafurahi. Alidhani mimi ni wa upande wake kwa sababu nimezeeka. Nikamwuliza kama amekwambia. Akasema, "Ya nini kumuumiza roho? Atasahau." Nikaiondoa sahani. Hakuwa amemaliza.

Sikukatazi kumpenda. Hata mimi nilimpenda, ana mikono ya kazi na anawaheshimu wazee. Na huenda kweli anaogopa kuwa na mke ambaye jina lake linaimbwa na walevi wa Misisi. Hofu hiyo angekuletea wewe, mkaivunja pamoja. Badala yake amewatumia wazee kama mtu anayemtuma mbwa wa jirani. Hilo linaniuma, mwanangu, linaniuma kama kwamba ni mimi niliyefanyiwa.

Naogopa jambo moja. Mwanamke anayekubali kunyamaza ili apendwe, huombwa anyamaze tena, na tena, mpaka hata mbuzi wake hawamjui kwa sauti. Nimewaona. Wengine tunachambua nao maharage.

Sasa fikiri. Mzee Eloge alisema mmoja afe. Umeniandikia hivyo wewe mwenyewe, nimesoma mara mbili. Hakusema nani. Mimi si mtu wa redio, nauliza tu: huyo Jonasi ana afya gani?

Shangazi yako,
Félicité


Kazimia, tarehe 2 Mei 2024

Kwa Fanny,

Simu hushiki. Nimepiga tangu jana, kwa hiyo naandika, na barua hii inakuja na mashua ya leo.

Jana ilikuwa sikukuu ya kazi, nyumba ilijaa watu. Mama yangu, dada zangu, majirani, wote walikaa mbele ya redio kwa sababu niliwaambia, leo Riziki anakufa, na baada ya hapo tunaweza kwenda Kilembwe kwa heshima. Nilinunua hata soda. Tukasikia homa yako. Tukasikia mganga. Mama akaanza kufunga kitambaa kichwani kwa ajili ya msiba. Halafu ghafla umepona! Umeamka, umeomba uji, na Jonasi amepanda juu ya nyumba kumtengenezea paa yule mama mkwe uliyemfukuza, ameanguka.

Sijawahi kumsikia mtu akifa polepole vile. Alisamehe kila mtu. Aliwataja mpaka mbuzi. Mama alikuwa analia kabla hajamaliza.

Kisha ukaimba. Hakuna aliyeniambia kwamba utaimba. Ulimlilia Jonasi kwa wimbo, bila gitaa, bila kitu, na katika nyumba yangu watu wote wakalia, na njiani watu wakasimama, na mama yangu akasema, "Huyu mutoto alimupenda kweli bwana yake." Bwana yake! Mbele yangu, Fanny. Nilitoka nje nikakaa karibu na nyavu mpaka wamalize.

Tulipatana kwamba utakufa wewe. Ulinipa neno. Najua shangazi yako amekuandikia, na sikatai nililolifanya. Nilifanya kwa ajili ya nyumba yetu. Mwanaume akifunga mlango si kwamba anamchukia aliye ndani.

Lakini basi. Kifo ni kifo, wazee wamepata walichokitaka, kiapo kimekwisha. Ndugu zangu watafika Kilembwe mwezi wa sita. Mpaka hapo uwe umemuaga Alphonse kwa adabu, na zile nyimbo pia. Sirudii tena neno hili, nadhani tunaelewana.

Eugène


Baraka, tarehe 9 Mei 2024

Kwa Eugène,

Simu sishiki kwa sababu niko kwenye kilio. Nitakueleza.

Kwanza, neno nililokupa. Nilikupa nikiwa sijui ni nani aliyepeleka swali kwa wazee. Barua ya shangazi ilifika saa Alphonse anaweka kinasa sauti mezani, na Wilfried amekwishaanza kukohoa kama mganga. Niliisoma nimesimama. Kisha nikamwendea Dany, nikamwuliza kama angekubali kufa badala yangu. Hakuuliza hata sababu. Alisema amechoka kuamka asubuhi, kaka yake anamtaka Misisi, lakini ana sharti moja: afe kwa kusema sana. Alphonse alijishika kichwa. Tulimpa Dany maneno aliyoyataka, na mengine akayaongeza mwenyewe. Wale mbuzi hawakuwa kwenye karatasi.

Wimbo haukupangwa. Jonasi alipokwisha, Alphonse alinipa ishara nilie kidogo tu. Nilikuwa nimeificha barua ya shangazi ndani ya kitenge. Nilifungua mdomo, na nilichokililia hakikuwa kifo cha Jonasi. Unajua nani nilimlilia. Mama yako alisikia vizuri kwamba nilimpenda mtu, alikosea jina tu.

Sasa kuhusu kilio. Jumapili mchungaji Nduwimana alitangaza kwamba kiapo kimekwisha, akafurahi, akataka kusoma matangazo ya ndoa yetu pale pale. Mzee Eloge akasimama. Alisema, "Ngoja kwanza. Kama alikuwa bibi ya muntu, sasa ni mujane. Na mujane anakaa kilio." Mchungaji akaikunja karatasi ya matangazo. Hawawezi kukataa, Eugène. Wao wenyewe walisema ndoa ilikuwa ya kweli, wao wenyewe walisema kifo ni cha kweli. Mjane hatangaziwi ndoa mpaka mwaka upite na kilio kiondolewe. Swali lako ndilo lililotufikisha hapa. Mimi niliwaambia tangu mwanzo kwamba ni mchezo, hamkutaka.

Tangu hapo nyumba yangu haina nafasi ya kukanyaga. Wanawake wa kanisa wameleta unga, mkaa na mikeka. Yule mama wa mihogo alikuja na kikapu kizima, akakiweka miguuni pangu, akanikumbatia, akasema amenisamehe yote, hata mama mkwe. Nilianza kumweleza, nikaacha. Dany naye alikuja kunipa pole kabla ya kupanda pikipiki ya Misisi, akala sahani mbili za kilio chake mwenyewe. Mke wa mchungaji analeta chai kila siku na kunidadisi Riziki atafanya nini sasa. Ninawaambia wote Jumatano iko karibu.

Usidhani nacheka tu. Nimekasirika kweli. Ungeniambia, "Fanny, naogopa," ningekaa na wewe, tungetafuta njia, labda ningeziacha nyimbo za baa mwenyewe, kwa kupenda. Hukuniambia. Ulinishika mkono ukaniambia nife, na ulijua kwa nini, na mimi sikujua. Nilikupenda, Eugène, na bado inaniuma ninapoona gunia lolote la ndagala. Lakini siwezi kulala kando ya mtu nikijiuliza kesho atawauliza wazee nini.

Niliuliza pia kama mjane anaruhusiwa kuimba. Mzee Eloge alifikiri sana. Akasema kuolewa haruhusiwi, lakini kuimba ndiyo kazi ya kilio. Alphonse ameongeza kipindi kimoja kwa wiki.

Ndugu zako wasipande Kilembwe mwezi wa sita. Shangazi atawapa maji ya kunywa, lakini sahani hawataiona.

Kuna jambo moja la mwisho, ulijue kutoka kwangu, usilisikie sokoni. Kabla ibada haijafungwa, mchungaji alikuhurumia. Alisema kanisa lina uwezo wa kufupisha kilio, hata kwa miezi, kama mjane mwenyewe atasimama na kuomba. Akaniita kwa jina langu nililozaliwa nalo, kama siku ile. Akaniuliza mbele ya watu wote kama ninaomba. Kwaya ilinigeukia, wazee walinigeukia, watoto waliokaa chini walinigeukia. Walikuwa wanangoja niseme ndiyo, na wote wanajua ninavyoisema vizuri.

Nilibaki nimekaa, nikanyamaza, mpaka akafunga kitabu.

Fanny Asukulu